Jina Lililoshonwa Mfukoni

Asubuhi ya kwanza ya kuivaa, blauzi ilikuwa imelowa kifuani.

Mwanahawa alikuwa ameitundika jana yake kwenye msumari nyuma ya mlango, kavu kabisa, imenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Mvua haikunyesha usiku ule, na bati la nyumba ile ya mtaa wa Mudzipela halikuwa na tundu. Lakini upande wa kushoto, hapo hapo penye mfuko na jina lililoshonwa kwa uzi wa buluu, kitambaa kilikuwa na unyevu wa vuguvugu, na kilinuka maziwa yaliyoanza kuchacha. Akadhani ni Gracia, mtoto wa mwenye nyumba, kamwaga kikombe akaona haya kusema. Akaikung'uta, akaivaa hivyo hivyo. Mtu hana nafasi ya kuogopa asubuhi, na hasa akiwa na zamu ya saa moja.

Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tano, mtu wa Tanga, aliyepelekwa Bunia kwa wiki sita kutazama namna wanawake wanavyohudumiwa katika hospitali ya nchi nyingine. Kutazama tu, barua ya chuo ilisema asishike mgonjwa wala mkasi. Kila jioni mkunga mkuu atie saini kwenye daftari lake, na saini zisipotimia, mwaka mzima umekwenda na maji. Basi akasafiri siku tatu kupitia Kampala, akashuka na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na hapo penye mabasi mkunga mkuu mwenyewe alikuwa anamngoja na mwavuli.

Mama huyu kila mtu alimwita Mama Gracia, kwa jina la bintiye wa miaka kumi, mtoto wa pekee aliyempata ukubwani. Alikuwa mnene, mcheshi, na mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa mtaa. Hakutaka kusikia habari ya nyumba ya wageni. Akamlaza Mwanahawa chumba kimoja na Gracia, akamlisha sombe, kisamvu cha kule, na samaki, na akiona sahani imerudi na chakula ananuna kama aliyetukanwa.

"Kwenu batakuuliza kama tulikupatia chakula," alisema. "Unataka banitukane?"

Siku ya tatu, mbele ya wauguzi wote wa wodi ya uzazi, akamkabidhi ile blauzi nyeupe. Ilikuwa yake mwenyewe, ya tangu alipokuwa mwembamba. Mfukoni imeshonwa: Léonie.

"Mwanahawa iko jina muzuri, lakini ni ya kwenu," akasema, akimvalisha kwa mikono yake. "Hapa mugeni asiye na ndoyi ni mutu anasimama mu njia. Miye nakupatia jina yangu. Tangu leo, weye njo Léonie. Ndoyi yangu."

Ndoyi kule si jambo la mchezo. Watu wawili wenye jina moja huwa ndugu, na walio hivyo wanadaiana mambo: mmoja akiugua mwingine aje, mmoja akizaa mwingine alete nguo, na akifa amsindikize. Wakunga wana ndoyi wengi kuliko mapadri, kwa maana akina mama hupenda kumpa mtoto jina la mkono uliompokea. Mwanahawa alikuwa ameyasoma hayo kwenye kijitabu cha wageni, akayaona ni mambo mazuri ya Kiafrika. Leo yalimwangukia yeye, akalia mbele za watu bila aibu.

"Na wewe mama, utaitwaje?" akauliza.

"Miye nimezeeka. Mama ya Gracia inatosha."

Wauguzi wakapiga makofi. Mtu mmoja hakupiga. Huyu ni Pétronille, mfagiaji wa wodi, mwanamke wa maombi aliyekuwa akifunga kula kila Ijumaa. Aliokota ndoo yake akatoka, na Mwanahawa akajisemea kwamba wivu hauna dini. Jioni akampigia mama yake simu Tanga, akamwambia amepata mama wa pili.

Wodi ilikuwa na vitanda saba. Sita vilikuwa kwenye ukumbi, na siku nyingi vililaliwa na wanawake wanane au tisa. Cha saba kilikuwa peke yake kwenye chumba kidogo mwisho wa korido, kimetandikwa shuka safi, na hakuna aliyelazwa humo hata siku ambazo wazazi walilala chini kwenye mikeka. Mwanahawa aliandika swali hilo kwenye daftari lake, ili aulize baadaye.

Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa ameinamia daftari hilo koridoni, akasikia anaitwa.

"Léonie."

Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, ya mtu anayetaka maji. Mwanahawa akaitika kama alivyolelewa kuitika tangu anaanza kutembea. "Abee."

Ukumbi mzima ukanyamaza. Hata mzazi aliyekuwa akigumia kitanda cha pili akaziba mdomo kwa kitenge.

"Léonie," sauti ikasema tena, kutoka chumba cha mwisho. "Ulisema unarudi."

Bibi yake wa Pangani alikuwa na sheria yake kuhusu kuitwa. Aliye hai, alisema Bibi, huita hata mara tatu. Kisicho hai huita mara mbili kikakoma, kwa hiyo mjukuu wangu usiitike mpaka usikie ya tatu. Lakini hayo yalikuwa mambo ya barazani kwa Bibi, magharibi ikiingia. Nani huyakumbuka saa nne ya asubuhi, hospitalini, tena jina lenyewe si lake? Mwanahawa alikwenda akafungua mlango. Kitanda kilikuwa kitupu na shuka imenyooka, ila katikati, pale ambapo kifua cha mtu kingelala, palikuwa na doa la maji lenye harufu ileile ya blauzi.

"Kitanda cha saba kuna nani?" akamuuliza Mama Gracia.

"Hakuna mutu."

"Mtu ameniita, mama."

Mkunga akaweka chini glavu zake. "Amekuita weye? Kwa jina?"

"Léonie, amesema."

Uso wa Mama Gracia ulibadilika, na Mwanahawa akadhani ule ni woga. Ilimchukua siku nyingi kuelewa kwamba alichokiona ni nafuu. Asubuhi yake, wakisuka nywele uani, Gracia akamnong'oneza jambo kama anayetoa habari njema. "Mama amelala usiku. Siku zote analalaka na redio nguvu, asisikie."

"Asisikie nini?"

Mtoto akashika kitana, akaanza fungu jingine la nywele.

Tangu hapo aliitwa kila siku. Mara mbili, kamwe si tatu. Aliacha kuitika, lakini kuacha kuitika hakukusaidia kitu, kwa kuwa abee ya kwanza ilikuwa imekwisha kusikiwa. Wiki ya pili akagundua kwamba blauzi hailowi kutoka nje. Alikuwa bafuni, amejifunga khanga, sauti ikapenya ukutani ikitaja jina lile, na maziwa yakamtoka mwilini mwake mwenyewe, meupe, ya moto, yakamtiririka mpaka kiunoni. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na nne asiyewahi kushika mimba. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajilazimisha kuwa daktari: kuna dawa zinazoleta hali hii, kuna uvimbe mdogo wa kwenye ubongo, kuna homoni. Akachukua kipimo cha mimba kwenye kabati la wodi akajipima. Hakuna mimba, na alijua hakutakuwa nayo, maana hapakuwa na cha kuileta.

Wazo la kuondoka lilimjia. Lakini saini zilikuwa kumi na moja tu, na mama yake alikuwa ameuza cherehani kumsomesha. Akafunga kifua kwa kitambaa, akasoma Ayatul Kursi, akaenda zamu.

Jioni ya siku ya kumi na nne, katika ule muda wa kati ya jua kuzama na jenereta kuwashwa, giza likiwa limeingia ukumbini na wazazi wamebaki vivuli juu ya vitanda, mlango wa chumba cha kitanda cha saba ulianza kugongwa kutoka ndani. Mlango huo haukuwahi kufungwa kwa ufunguo tangu Mwanahawa afike, lakini aliposhika kitasa kikagoma, na ndani mtu akagonga kwa kiganja, kwanza polepole kama mgeni mwenye adabu, kisha kwa viganja vyote viwili, kisha kwa kitu kizito zaidi ya viganja, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikatoka chini ya mlango pamoja na harufu nyingine ambayo kila aliyewahi kuingia chumba cha kuzalia anaijua, harufu ya damu iliyokaa, na Mwanahawa akavuta kitasa, akavuta, akageuka kuwaita wale wanawake wamsaidie, akaona vivuli vyote vile, kimoja baada ya kingine, bila kuambizana, vinageuza nyuso vikaelekea ukutani, na nyuma yake ile sauti, sasa iko usawa wa sikio lake, ikasema bila hasira yoyote, "Léonie. Fungua."

Jenereta likanguruma. Taa zikawaka. Mlango ulikuwa wazi, na ndani kitanda kimetandikwa.

Kesho yake alimfuata Pétronille mahali pa kufulia, akamkuta anasuuza mipira ya kutandika vitandani. Hakumsalimu.

"Ni jini gani lile?"

"Kwenu munasema jini," Pétronille alijibu kwa sauti ya chini, bila kuinua macho. "Siye tunasema ni Bénédicte."

Akamweleza, akiendelea kusuuza, maana mikono ikisimama watu wangeangalia. Miezi minane nyuma msichana mmoja aliletwa kwa pikipiki kutoka Bambu, peke yake, mimba ya kwanza, uchungu umeanza. Alimpenda mkunga mkuu palepale. Akasema mtoto wake, akiwa msichana, ataitwa Léonie, na akamtangulizia zawadi ya ndoyi, kitenge kipya kutoka mfukoni mwake. Mkunga alikipokea. Alikifunga kiunoni. Saa tisa mchana zikasikika risasi upande wa pili wa mji, na habari ikaja kwamba watoto wa shule wametawanyika. Wodi yote ikakimbia, wazazi na wauguzi. Bénédicte hakuweza kukimbia.

"Akamuambia, lala, ninarudi sasa hivi. Akafunga mulango kwa ufunguo, ati batu babaya basiingie. Akaweka ufunguo mu mufuko, akaenda kutafuta Gracia."

"Akarudi?"

"Asubui." Pétronille akakung'uta mpira. "Alipata mutoto wake, akaogopa kutoka tena. Bénédicte aliita ile jina usiku muzima. Kwanza alikuwa anaita kwa nguvu. Kisha alikuwa anaita tu. Asubui tulivunja dirisha. Mama amekufa, ule mutoto mwanamuke iko anamunyonya."

Mwanahawa akauliza kilichokuwa kinamchoma. "Usiku muzima. Umejuaje?"

"Nilijificha mu depo ya vitu. Sikukuwa na ufunguo." Maji yalitiririka muda mrefu. "Nilikuwa na miguu. Sikuenda."

Tangu siku ile Bénédicte alimwita mkunga wodini, njiani na nyumbani. Mkunga alifunga kula siku tatu kavu. Akabadili kanisa mara mbili. Akahama chumba cha kulala. Alibadili kila kitu, likabaki jina.

"Si angempa mtu wa hapa jina hilo?"

"Nani wa hapa angekubali?" Sasa Pétronille alimtazama. "Siye wote tunajua."

Siye wote. Mwanahawa alirudi akipita katikati ya wauguzi waliompigia makofi, mmoja mmoja, na kila mmoja alimwambia jambo, ndoyi, habari ya asubuhi, Léonie, umekunywa chai. Alijiona mjinga. Aliona uchungu wa aina ambayo haikumfika hata alipofiwa na baba, kwa sababu baba hakufa makusudi. Usiku ule mezani Mama Gracia alimchagulia kipande cha samaki chenye minofu, akakiondoa miiba kwa vidole vyake kama anavyomfanyia Gracia, akakiweka kwenye sahani yake. Kilichomuuma Mwanahawa si jini. Jini hakuwahi kumwandalia kitanda.

Alitaka jambo moja tu, alirudishe lile jina. Pétronille alimweleza namna. Jina lililotolewa mbele ya watu halirudi kwa siri. Lirudishwe mbele ya watu, pamoja na zawadi yake, na mwenyewe alipokee. Ijumaa ni siku ya kilo, siku ya kupima uzito wa watoto. Safari hii atakuja mama yake Bénédicte, kutoka Bambu, maana njia imefunguliwa. Hajawahi kufika hospitali hii. Maiti na mtoto walichukuliwa na shemeji yake. Hamjui mkunga kwa sura, analo jina tu.

"Mbele ya ule muzee, hataweza kukataa," Pétronille alisema. "Na akikataa, miye nitasema. Naapa mbele ya Mungu."

Ijumaa banda la kilo lilijaa. Wanawake thelathini hivi walikaa kwenye mabenchi na vikadi vyao, watoto wanalia, mzani unaning'inia kwenye boriti na suruali yake ya turubai. Mama Gracia alikuwa anasoma uzito, mcheshi kama kawaida. Akaingia bibi mwembamba mwenye kilemba cheusi, mgongoni kabeba mtoto ambaye kwa miezi minane alikuwa mdogo mno, macho makubwa, shingo haijakaza.

"Naitwa Adeline," akasema, na sauti yake ikasikika mpaka mwisho wa banda. "Natoka Bambu. Mutoto wa binti yangu hakui. Maziwa ya ng'ombe anatapika, ya mukebe anatapika. Bakubwa banasema anatafuta ndoyi yake. Naomba kuona Léonie."

Mama Gracia aliendelea kuandika. Mwanahawa akasimama. Chini ya blauzi alikuwa amevaa fulana kwa ajili ya jambo hilo. Akaivua blauzi, akaikunja, jina juu, akaenda nayo kwa mikono miwili mpaka mbele ya meza.

"Mama, nakurudishia jina lako. Ulinipa mbele za watu, nakurudishia mbele za watu. Huyu bibi anakutafuta wewe."

Mkunga akamtazama. Kwa muda kidogo, na Mwanahawa alikuja kuapa kwamba aliuona, mkono wake uliinuka kuipokea. Kisha ukashuka juu ya kalamu.

"Miye niko Mama ya Gracia," akasema. "Baulize bote."

Bibi Adeline akauliza. Aliwageukia wauguzi, mmoja akatazama mzani, mwingine akajifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Akamgeukia Pétronille, aliyesimama na ufagio mlangoni. Mwanahawa pia alimgeukia, kwa matumaini yote aliyokuwa nayo.

Pétronille alitazama maji ya ndoo yake. "Léonie ni ule," akasema, na kidole chake kikamwelekea mgeni.

Hapo ndipo ukaja wito. Mchana kweupe, juu ya vilio vya watoto thelathini ambavyo vilikatika ghafla, sauti ya mwanamke kijana ikasema "Léonie," na safari hii kila mtu aliisikia, na fulana ya Mwanahawa ikalowa pande zote mbili mbele ya macho yao. Bibi Adeline hakuogopa. Mtu aliyemzika mwanawe bila kumfumba macho haogopi sauti yake. Alifungua kitenge cha mgongoni, akamweka mtoto mikononi mwa Mwanahawa.

"Pokea ndoyi yako," akasema. "Naona umeshamungojea."

Mwanahawa alitaka kusema hapana. Alikuwa na haki ya kusema hapana. Hata kadhi angempa. Akikataa, jina litabaki hewani, na mwenyewe aliyezaliwa nalo atalazimika kuliokota siku moja. Lakini mtoto alikuwa mwepesi kupita kiasi, na alishasikia harufu, alikuwa anageuza kichwa huku na huku akitafuta kwa mdomo. Nani amwambie huyu kwamba kuna makosa ya karatasi? Mkunga alikuwa amemkataa, na wodi nzima imemkataa, na yeye Mwanahawa ndiye wa mwisho kwenye mstari. Akaketi kwenye benchi, akavuta khanga mabegani, akampa titi.

"Abee," akasema, akitazama juu, mahali pasipo na mtu. "Nimefika."

Watu walingoja wito wa pili. Haukuja. Ilisikika sauti ya mtoto akimeza, na mahali fulani nyuma ya banda mwanamke akashusha pumzi ndefu.

Bibi Adeline alikaa Bunia wiki tatu zilizobakia, na mtoto alinyonya mpaka akashika uji na maziwa ya ng'ombe bila kutapika. Siku aliyorudi Bambu, maziwa ya Mwanahawa yalikauka. Chumba cha saba alilazwa mzazi wa mapacha. Harufu iliisha, mlango ukawa mlango, na saini zikatimia moja baada ya moja, zikitiwa na mkunga mwenyewe.

Lakini jambo jingine lilikuwa limeanza. Mama Gracia akiita muuguzi, muuguzi hageuki. Akiita mara ya pili, kwa ukali, muuguzi anaendelea kuhesabu pamba. Ilibidi amguse bega. Nyumbani akimwita Gracia aje kula, mtoto anabaki uani akicheza kamba, na si kiburi, hakusikia. Jina alilolikataa mbele ya watu lilikuwa limeondoka na sauti yake. Mwanahawa peke yake ndiye aliyemsikia vizuri, na alijifanya hasikii. Walikula meza moja wiki tatu bila kusema zaidi ya pokea na tayari. Hakumsamehe. Nani amlaumu kwa hilo?

Siku ya safari mkunga alimsindikiza mpaka kwenye basi, na mwavuli uleule. Akashika ukingo wa dirisha.

"Ndoyi," akasema. "Miye nilikuwa na mutoto mumoja tu. Weye ungefanya nini?"

Mwanahawa alikuwa amelitunga jibu lake siku nyingi, na lilikuwa kali. Lakini basi likaanza kusogea, yule mama akaanza kukimbia nalo na kandambili moja ikimvuka mguuni, na mdomo wa mtoto wa Pwani una mazoea yake. Kwao Bibi alikataza kusema naondoka, ni mkosi, anayeondoka huaga kwa kusema anarudi.

"Narudi, mama," akasema.

Alikuwa ametimiza wiki mbili Tanga alipopata ujumbe wa sauti wa Pétronille. Pétronille alikuwa hajawahi kumwandikia, na hakumwomba msamaha hata sasa. Mama Gracia ana homa tangu Jumapili, amelazwa chumba cha saba, sababu vitanda vimejaa. "Naona mudomo yake inacheza," Pétronille alisema. "Sijue anaita nani. Hakuna mutu anasikia. Nimekaa pembeni yake, safari hii nimekaa."

Mwanahawa aliusikiliza mara moja, akaifunika simu juu ya meza. Ilikuwa alasiri. Akabandika sufuria ya chai ya maziwa, akakata tangawizi, mama yake akiwa msibani mtaa wa pili na nyumba kimya.

"Ndoyi."

Kisu kikasimama. Sauti ilitoka uani, au ukutani, au ndani ya mvuke, na aliijua, ilikuwa sauti ya yule aliyemwuliza kama anataka watu wa kwao wamtukane. Akakaza meno. Abee ilikuwa imefika kwenye ulimi, akaizuia hapo.

"Ndoyi. Ulisema unarudi."

Moja, mbili. Alishika ukingo wa meza. Alikuwa na hasira bado, yote, haikupungua hata tone. Na pamoja na hasira ile aligundua kwamba anaomba, kwa midomo, kwa kila sura aliyoijua, aitwe tena. Aliye hai huita mara tatu. Chai ikapanda, ikafurika, ikazima moto wa jiko, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa jikoni. Mwanahawa alisimama palepale akiisubiri ya tatu, mpaka mama yake akarudi akamkuta gizani.